Burhale–Shabunda: barabara yenye inafunguliwa kila mara na haibaki wazi

Kutoka Bukavu mpaka Shabunda-centre iko kilometa kama 350 kwa barabara. Kwenye karata ni mustari mumoja tu: Bukavu, Walungu, Burhale, kisha milima, kisha pori, Kigulube, na mwishoni Shabunda kando ya muto Ulindi. Kwa ndege ilikuwa safari ya chini ya saa moja. Kwa barabara, hakuna dreva anaweza kumwambia musafiri siku ya kufika. Watu wa huko wanajua hesabu ingine: mutuka mpaka pale inaweza kufika, kisha moto, kisha miguu, muzigo mugongoni.

Kwa miaka mingi ile shida ilifunikwa na ndege. Mwenye alikuwa na feza alipanda Kavumu, mwenye hana alitembea. Lakini tarehe 14 Februari 2025 uwanja wa ndege wa Kavumu uliingia mikononi mwa AFC/M23, na nyuma ya siku mbili muji wa Bukavu pia. Ndege za kiraia zenye zilikuwa zinatoka Kavumu kwenda porini zilisimama. Njia ya juu ikafungwa, ikabakia njia ya chini. Na njia ya chini iliachwa tangu zamani.

Ndiyo maana swali la zamani limerudi na nguvu: juu ya nini teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, yenye kilometa za mraba zaidi ya 25 000, haina barabara ya kutegemea ya kuiunganisha na Bukavu? Majibu ya haraka yanajulikana: vita, matope, Kinshasa inasahau. Kila jibu liko na ukweli ndani yake. Lakini kuna jibu la nne lenye halisemwi sana. Kwa karibu miaka makumi tatu, wale wenye wanatoa utajiri Shabunda hawakuhitaji ile barabara. Wenye wanaihitaji ni wale wasio na nguvu ya kuidai.

Mulima, maji na jembe

Bukavu iko kwenye urefu wa karibu mita 1 500 juu ya bahari. Shabunda-centre iko karibu mita 600. Katikati, barabara inapita kwanza juu ya milima ya Walungu, kisha inashuka kwenye mabonde, inakata mito na vijito vingi, ndipo inaingia kwenye pori kubwa. Kwenye sehemu nyingi barabara imechongwa kwenye ubavu wa mulima: upande mumoja ukuta wa udongo, upande wa pili shimo.

Adui wa kwanza wa barabara kama hiyo hapana mutuka. Ni maji. Mvua ikinyesha juu ya mulima, maji inatafuta njia ya kushuka. Kama mufereji wa pembeni uko safi, maji inaufuata mpaka kwenye bize, ile bomba kubwa ya simenti yenye inapita chini ya barabara, na inatokea upande wa pili. Kama mufereji umejaa majani na udongo, maji inapanda juu ya barabara na kuigeuza kuwa mufereji. Siku ya kwanza inachora kamustari. Nyuma ya miezi michache kale kamustari kanakuwa korongo.

Kisha lori inapita na tani zake. Gurudumu linazama. Dreva na vijana wake wanachimba, wanaweka magogo na mawe, wanatoka, na wanaacha nyuma shimo kubwa kuliko lile walikuta. Lori ya pili inazama zaidi. Hapo ndipo burbiye inazaliwa, na mituka inaweza kulala pale siku nyingi, vitu vinaoza ndani.

Lakini ukirudi mwanzo wa ile shida, utakuta mufereji mumoja wenye haukufagiliwa. Kuufagia hakuhitaji injinia wala mashine kutoka ngambo. Kunahitaji mutu, jembe na mupanga, kila juma, mvua ikinyesha ao isiponyesha.

Wazee wanakumbuka kantoniye: kila mutu na kipande chake cha barabara, kazi yake kufungua mifereji, kukata majani na kujaza mashimo madogo kabla hayajakuwa makubwa. Wakati wa Wabelgiji kazi ya barabara ilikuwa ya lazima, watu wengi waliumia nayo, na hakuna sababu ya kuitamani. Wakati wa Mobutu ikaja salongo, nayo ikachokesha watu juu ilikuwa amri bila malipo. Hata hivyo, ile namna ya kufanya ilikuwa na akili yake: barabara ya milima inaishi kwa kazi ndogo ya kila siku, haiishi kwa kazi kubwa ya mara moja kila miaka kumi.

Wakati barabara ilikuwa na mwenyewe

Kuna wakati barabara za huko zilikuwa na mutu wa kuziangalia. Tangu ukoloni, kampuni za madini zilichimba kasiterite, yaani mawe ya bati, upande wa Lulingu na sehemu zingine za Shabunda, na zahabu upande wa Kamituga katika teritware ya Mwenga. Mwaka 1976 kampuni hizo ziliunganishwa kuwa kampuni moja, SOMINKI. Kasiterite ni nzito. Kuitoa porini kunahitaji malori, na malori yanahitaji barabara na madaraja. Kampuni iliangalia barabara si kwa upendo wa wanainchi, bali kwa faida yake. Lakini mwanainchi alifaidika pembeni: pale lori ya kampuni ilipita, muchuuzi na mugonjwa walipita pia.

Mwishoni mwa mwaka 1985 bei ya bati ilianguka kwenye soko la dunia. SOMINKI ikaanza kudhoofika. Mwaka 1997, mwaka wenye AFDL ilichukua utawala Kinshasa, ile kampuni ilivunjwa. Nyuma yake ikaja vita ya 1998, na mwaka 2000 bei ya koltani ikapanda sana. Uchimbaji uliendelea, lakini kwa mikono ya wachimbaji wadogo, na muzigo ukatafuta njia ingine: ndege ndogo. Zinapanda na bia, sabuni, chumvi na sukari, zinarudi na madini.

Hapo ndipo barabara ilipoteza mwenyewe. Serikali ilikuwa mwenyewe kwa karatasi. Lakini mwenye kuamka asubuhi akisema "hii barabara ikifa leo, kazi yangu inakufa," huyo hakuwepo tena kati ya wenye feza.

Zahabu inaingia mufukoni, gunia ya muchele haingii

Miaka ya 2014 na 2015 Shabunda ilijulikana mbali juu ya zahabu ya muto Ulindi. Mashine za kunyonya muchanga, zenye watu wanaita dragi, zilifanya kazi ndani ya maji. Shirika la Global Witness lilitoa ripoti juu ya jambo hilo mwaka 2016, na lilionyesha kama vikundi vya Raia Mutomboki vilitoza ushuru kwenye zile mashine, na kama sehemu kubwa ya zahabu ilitoka bila jimbo kuona faida yake.

Watu wengi walijiuliza: utajiri wote ule, na barabara iko wapi? Swali ni la haki, lakini jibu liko ndani ya zahabu yenyewe. Mwaka 2025 gramu moja ya zahabu ilipita dola 100 kwenye soko la dunia. Kilo moja, maana yake zaidi ya dola 100 000, inaingia ndani ya mufuko mudogo wa begani. Mwenye zahabu hahitaji lori. Hahitaji daraja. Tena barabara nzuri inaweza kumuletea wakaguzi wenye hataki kuona.

Angalia sasa mulimaji wa Kigulube mwenye iko na gunia ya muchele, bidoni za mafuta ya ngazi, ao mihogo mikavu. Bei ya muzigo wake kwa kilo ni ndogo sana. Ndege inakula faida yote mbele ya kufika. Mutu wa kubeba mugongoni anakula nusu ao zaidi. Kwa hiyo analima kiasi cha kula nyumbani na kuuza jirani, hapana zaidi. Wakati huohuo Bukavu, muji wenye njaa ya chakula, unanunua vyakula vingi kutoka mbali ao ngambo ya mipaka. Pori lenye linaweza kulisha muji limekaa pembeni, sababu katikati kuna kilometa za matope.

Na bei inapanda kwa njia zote mbili. Chenye kinatoka Shabunda kinauzwa bei ya chini kule, chenye kinaingia kinauzwa bei ya juu kule. Mama mwenye anauza mafuta ili anunue sabuni anapoteza mara mbili ndani ya safari moja. Mugonjwa anabebwa na vijana kwenye kipoyi mpaka pale kuna daktari, na kama mama anazaa vibaya, zile saa za njiani ndizo zinaamua. Mwalimu anangoja mushahara wenye lazima mutu aulete. Hao wote ndio wenyewe wa kweli wa barabara. Lakini hakuna kati yao anaweza kusimamisha ndege ao kupigia waziri simu.

Ilifunguliwa, ikafungwa tena

Si kweli kusema kama hakuna kitu kilijaribiwa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mupango wa STAREC, wa kusimamisha na kujenga upya mashariki mwa Kongo, na Umoja wa Mataifa uliusaidia kwa mupango wake. Barabara chache za muhimu zilichaguliwa, na Burhale–Shabunda ilikuwa kati yake. Wazo lilikuwa hili: ukifungua barabara, utaweka polisi, tribinali na ofisi za serikali kandokando yake, na amani itafuata mituka.

Vipande vilitengenezwa. Lakini barabara inafungua mulango kwa wale wenye wako tayari kuupita. Raia Mutomboki walianza Shabunda mwaka 2005, wanainchi wakijilinda juu ya FDLR. Mwaka 2011 jeshi lilivuta vikosi vyake kutoka sehemu nyingi kwa kuvipanga upya kuwa rejima. FDLR wakabaki na nafasi, Raia Mutomboki wakaamka upya na kuenea. Kati ya 2011 na 2012 maeneo ya kandokando ya ile barabara, Kigulube ikiwemo, yalikuwa ya mapigano na kukimbia. Nani angefagia mufereji wakati hana hakika ya kulala nyumbani?

Hapa wakubwa wengi wanasema: kwanza amani, kisha barabara. Wengine wanajibu: kwanza barabara, kisha amani. Ni kama kuku na yai. Shabunda inaonyesha kama majibu yote mawili hayatoshi. Pesa ya kufungua ilipatikana. Chenye hakikupatikana ni pesa ya kulinda barabara mwaka wa pili, wa tatu na wa nne, wakati mashine zimerudi na wageni wa sherehe wameondoka. Mufadhili anapenda kukata kamba. Mufereji hauna kamba ya kukata.

Nani analipa, nani anakula

Kwa sheria, feza ya matunzo iko na nyumba yake. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iliunda FONER, sanduku la taifa la kutunza barabara. Sehemu kubwa ya feza yake inatoka kwenye mafuta ya mituka: kila mara mutu anatia mafuta, sehemu ndogo ya bei inaenda kule. Mwenye moto ya taksi Bukavu alikuwa analipa. Mwenye jenereta Shabunda analipa pia, hata kama mafuta yake yalifika kwa ndege ao kwa mugongo wa mutu. Office des Routes ndiyo iko na kazi ya barabara kubwa, na zile barabara za kilimo ziko na ofisi yao.

Tatizo ni njia yenye feza inapita kabla ya kurudi. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 175, inasema majimbo yabakie na asilimia 40 ya mapato ya taifa, ikikatwa palepale inapokusanywa. Ile kanuni haijatumika kama ilivyoandikwa. Feza inapanda Kinshasa yote, jimbo linangoja irudi, na teritware inangoja jimbo. Barabara yenye iko mwisho wa foleni ni ile yenye mituka michache. Na mituka ni michache sababu barabara ni mbaya. Hivyo barabara mbaya inaazibiwa kwa ubaya wake.

Wakati huo, kandokando ya njia, kuna feza yenye inalipwa kila siku bila kupita Kinshasa: bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS la Ubelgiji na wenzao wa Denmark walihesabu bariyeri 798 katika Kivu mbili. Zingine ni za vikundi vyenye silaha, nyingi ni za watu wa serikali wenyewe. Mutu mwenye kubeba mafuta ya ngazi analipa hapa kidogo, pale kidogo. Anaambiwa ni ya usalama, ni ya soko, ni ya barabara. Kama hata sehemu ndogo ya ile feza ingelipa watu wa jembe, mifereji mingi ingekuwa safi. Kwa hiyo haifai kusema wanainchi hawachangii. Wanachangia sana. Lakini mchango wao unaishia kwenye kamba ya bariyeri.

Jembe mbele ya mashine

Kuna inchi zingine zenye milima mikali zimepitia njia hii. Peru, huko Amerika ya Kusini, ilianza mwaka 1995 mupango wa barabara za vijijini kwenye milima ya Andes. Barabara zilitengenezwa, lakini jambo kubwa lilikuja nyuma: vikundi vidogo vya wanakijiji vilipewa mukataba wa kutunza vipande vyao, na walilipwa kwa kazi yenye imeonekana. Mufereji ukiwa safi, wanalipwa. Ukijaa, hawalipwi. Barabara ikapata mwenyewe mwenye anaamka kando yake.

Hiyo si dawa ngeni kwa Kivu. Kamati za wanainchi za kutunza barabara zinajulikana hapa, zile zenye mafundi wanaita CLER, na bariyeri ya mvua pia: kamba inafunga njia masaa machache nyuma ya mvua kubwa, ili lori isipasue udongo ungali laini. Chenye kinakosa mara nyingi ni mambo mawili. Kwanza, mushahara wenye haukatiki mradi ukiisha. Pili, bariyeri ya mvua yenye inabaki ya mvua na haigeuki kuwa ya kula.

Leo kuna ugumu zaidi. Mwaka 2025 vita ilikata ile barabara katikati: upande wa Walungu AFC/M23 iliingia, Shabunda-centre ikabaki upande wa serikali. Hakuna mutu wa akili anaweza kuomba kantoniye afanye kazi kati ya bunduki mbili. Lakini siyo kilometa zote 350 ziko mbele ya mapigano. Kuna vipande vya ndani, kati ya kijiji na soko, kati ya soko na hospitali, kati ya Shabunda-centre na sheferi zake mbili, Bakisi na Wakabango. Mufereji wenye unafunguliwa kwenye vile vipande leo ni kilometa zenye hazitahitaji kufunguliwa upya kesho. Na kuna jambo lingine: siku amani itarudi, wafadhili watakuja tena na mashine, kama walivyokuja nyuma ya 2009. Kama hakuna kitu kitabadilika, watafungua, watapiga picha, watarudi, na maji itaanza kazi yake mvua ya kwanza.

Ndiyo maana wakaaji wa Shabunda, Walungu na Bukavu wanaweza kutayarisha sasa maswali matatu ya kuuliza siku ile, mbele ya kamba kukatwa. La kwanza: feza ya kutunza barabara mwaka wa pili iko wapi, na iko kwa jina la nani? La pili: nani kwa jina iko na kazi ya kila kipande, na nani atamulipa? La tatu: bariyeri ngapi zitabaki njiani, na risiti yake inaenda wapi?

Kama majibu hayako, barabara itafunguliwa tu. Kubaki wazi ni kazi ingine, na mulimaji wa Kigulube amekwisha kujua tofauti ya hizo mbili. Gunia yake ya muchele ingali nyumbani.